Kidonda cha Nelima na Chupa ya Kusafisha Damu

Siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba cha vidonda mlinipa keki, blanketi na hotuba ndefu. Katika hotuba hiyo mkasema Sista Rispa ameokoa miguu mingi. Ni kweli, miguu niliokoa. Wenye miguu hakuna aliyewataja, na mimi mdomo ulikuwa umejaa keki. Basi nayaandika hapa yale ambayo ningesema siku ile, nyinyi mnaobaki myasome mkiwa mmekaa chini. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nilikuwa nikipata kiasi gani. Hayo yako kwenye faili, na panya wakipenda watayasoma.

Nilianzia Kitale. Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho kabisa wa korido, kwa sababu wakubwa hawakutaka kusikia harufu yetu wakinywa chai. Msimamizi alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa nyuma ya msikiti pale pale mjini. Kila asubuhi alitundika buibui lake kwenye msumari, akavaa eproni, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa salama. Nilimwamkia, nikamwonyesha barua yangu. Hakuipokea. Alichukua bandeji iliyotoka tu mguuni mwa mtu, akaniletea puani.

"Nusa," akasema. "Humu ndani pua ndiyo mkubwa wako. Daktari ni wa pili."

Nilinusa, nikatoka nje nikatapika kwenye maua. Niliporudi alikuwa ameniwekea bandeji nyingine.

Ni yeye aliyenifundisha kuchemsha maji na chumvi, kuyaacha yapoe mpaka yafanane na joto la ngozi, halafu kuyamimina juu ya gauzi iliyoganda mpaka ijitoe yenyewe. Gauzi ukiivuta inatoka na ngozi mpya, na kazi yote ya wiki inaishia kwenye ndoo ya taka. Alinifundisha kufunga mguu kuanzia vidoleni kupanda gotini, kwa kukaza sawasawa, si kuuzungushia tu kama mzigo wa miwa. Nawaona siku hizi mkianzia katikati ya mguu. Acheni.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa swali. "Usimuulize mtu, 'Umepaka kitu?'" aliniambia. "Atakwambia hapana, na kitu chenyewe kimekaa pale kinakutazama. Muulize, 'Umepaka nini?' Hapo atajua umeshajua." Nimelitumia swali hilo maisha yangu yote ya kazi, na majibu niliyopata yangejaza duka. Unga mweusi wa betri kuukuu. Dawa ya meno. Kapsuli zilizofunguliwa na kunyunyizwa kama chumvi. Tumbaku, mafuta ya breki, majivu ya manyoya ya kuku. Wengine walichanganya vyote, kama kachumbari.

Hayo ya kupaka ulikuwa unayaosha, yanaisha. Ya kunywa ndiyo yaliyonishinda.

Kutoka Kitale nilipelekwa Kapsokwony, juu mlimani, ambako wagonjwa waliletwa kwa pikipiki na wengine wakafika na vidonda vipya walivyopata njiani. Huko nilimpata Mzee Ndiema, mkulima wa viazi mwenye kidonda cha miaka mingi kwenye muundi. Nilimwosha na kumfunga kwa miezi. Kila kidonda kikikaribia kuziba, anarudi kikiwa wazi tena, tena kimekatwa vizuri, mstari umenyooka. Siku moja nikamuuliza kama Bi Zuhura alivyonifundisha: "Mzee, unakikata na nini?"

Hakuona haya hata kidogo. "Na wembe. Sista, wewe unafunga mlango na mwizi bado ako ndani."

Ndipo nilipoelewa imani ambayo nyinyi mtaikuta kila siku, kwa hiyo isikieni vizuri. Watu wetu wengi wanaamini kidonda sugu ni mlango. Damu imechafuka, uchafu unatafuta pa kutokea, na kidonda ndipo unapotokea. Kukiziba kabla damu haijasafishwa ni kuurudisha uchafu ndani, upande mpaka moyoni. Nilimweleza Mzee Ndiema juu ya ini na figo, jinsi zinavyosafisha damu usiku na mchana bila kuomba likizo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hiyo ini yako," akasema, "mbona mimi sijawahi kuiona ikifanya kazi?"

Jibu lilikuwa nayo chupa ya dawa ya kusafisha damu inayouzwa sokoni. Ukiinywa asubuhi, kufikia saa nne unakimbilia chooni, na huko unaona kwa macho yako uchafu ukitoka. Sisi tuna ukweli, lakini ukweli wetu haumkimbizi mtu popote. Mzee Ndiema alikatwa mguu chini ya goti, na mpaka leo anawaambia majirani ulikatwa kwa sababu Sista alifunga mlango.

Chupa yenyewe mnaijua. Ina karatasi nyekundu na picha ya moyo unaotabasamu. Jina lake ni Mkombozi wa Damu. Inatibu vidonda sugu, majipu, upele, kuishiwa na damu, damu nzito, damu nyepesi, miguu kuwaka moto, sukari, presha na ndoto mbaya. Ugonjwa pekee waliousahau kwenye karatasi ile ni ujinga, na huo ndio unaoiuza. Mwenye kuiuza anajiita Profesa. Alisomea wapi sijui, labda kwenye boneti ya gari lake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilianza Kitale, ikapita Kachibora siku ya soko, ikashuka mpaka Naitiri, na sehemu nyingine ilikuwa na lami.

Alikuwa na spika kubwa juu ya gari. Lakini si yeye aliyekuwa akisema humo, na hapo ndipo alipotuzidi akili. Alicheza shuhuda za wagonjwa alizozirekodi. Watu wa kwetu wamezoea ushuhuda tangu utotoni. Kila Jumapili mtu anasimama kanisani, anataja jina lake, alipotoka na alipotolewa, na waumini wanaitikia. Profesa aliuchukua mtindo huo akautoa kanisani akaupeleka sokoni. Mama wa Kachibora akisema, "Mimi nilikuwa siwezi kuvaa kiatu," nani atabisha? Na sisi zahanati tuna bango la mkono unaooshwa kwa sabuni.

Mwisho nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Naitiri, ambako nimestaafia. Huko akaja Nelima.

Alikuwa msichana mkubwa, fundi wa kushona sare za shule, mwembamba, macho yenye manjano kidogo na mdomo usiopumzika. Aliingia akichechemea, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Mulembe, Sista. Hii kitu imekataa kupona bana. Nakanyaga cherehani na mguu moja kama jogoo."

Kidonda kilikuwa juu ya kifundo, upande wa ndani, kingo zake ngumu. Nikauliza umepaka nini, akacheka, akataja vyote bila kuficha. Nikatazama tena yale macho. Nikamuuliza kama utotoni aliumwa mifupa. "Kila mwaka," akasema. "Mama alikuwa ananibeba mgongoni mpaka nikiwa darasa la nne." Tulipima damu. Ilikuwa selimundu, ambayo sisi huku tunaiita siko seli tu.

Mnaujua ugonjwa huo, lakini niseme kwa ajili ya yule aliyelala darasani. Seli za damu zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, mifupa inauma, na ngozi ya kifundoni inakosa damu ya kutosha, inapasuka na kukataa kufunga. Mtu wa namna hiyo akikaukiwa na maji mwilini, seli zinajipinda zaidi. Ndiyo maana tunamwambia anywe maji, anywe maji, anywe maji. Nelima alinibatiza jina la Sista Maji.

Nilimfunga zaidi ya mwaka. Tulimpa vidonge, tukampeleka Bungoma akaongezewa damu, akawa analala mguu umeinuliwa juu ya mfuko wa vitambaa. Kila baada ya muda niliweka nailoni safi juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu, ili aone kinavyopungua. Zoeeni kufanya hivyo. Mgonjwa haamini maneno yako lakini anaamini mchoro. Nelima aliziomba zile nailoni, akazitundika kibandani mwake pamoja na patani za sketi na kaptula. "Wewe unanipima kama rinda," aliniambia. "Rinda yenyewe inaendelea kuwa ya mtoto mdogo." Wateja wakimuuliza ile ni ya nguo gani, anasema ni ya mguu.

Sijui niseme vipi furaha ya siku kile kidonda kilipofunga. Ngozi ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa. Nilikigusa na kidole kikavu na kidole kikabaki kikavu. Nelima alilia, mimi nikajifanya natafuta mkasi. Wiki iliyofuata akaniletea eproni aliyoishona mwenyewe, na jina langu mfukoni.

Siku ya soko baada ya hapo nilikuwa nanunua nyanya, nikasikia sauti yake juu ya gari la Profesa.

"Mimi naitwa Nelima, nashona nguo hapa Naitiri. Nilikuwa na kidonda imenisumbua miaka mingi, mpaka nikakata tamaa. Lakini sasa hivi nakanyaga cherehani na miguu zote mbili. Asante Mkombozi wa Damu!"

Niliacha nyanya pale pale nikaenda kibandani kwake. Alikuwa anashona, miguu yote miwili ikicheza juu ya kanyagio. Nikamuuliza kama ile chupa ndiyo iliyokifunga.

"Usikasirike, Sista. Mama amekuwa akininunulia hiyo dawa kitambo, kidogo kidogo. Na wewe nilikutaja, haki ya Mungu. Profesa akasema hiyo ataikata, imekuwa refu." Akasimamisha cherehani. "Si nyinyi wote mmenisaidia? Wewe umefunga nje, yeye anafagia ndani."

Nilikasirika, sitawadanganya. Niliona mwaka mzima wa maji ya chumvi na mgongo kuniuma ukipewa mtu mwenye spika. Lakini hasira hiyo ilikuwa yangu, ya kujipenda, na ningeimeza. Iliyonitisha ni hilo neno kufagia. Hiyo chupa inakausha maji mwilini, na Nelima hakuwa mtu wa kukaushwa. Nikamwambia hivyo waziwazi: "Hii dawa itakuua wewe kabla ya mtu mwingine yeyote hapa sokoni." Akashtuka. Akasema ataiacha, lakini niongee na mama.

Nilikwenda kwao siku hiyo hiyo. Mama Nelima ni mjane, mama wa kanisa, mpole. Alinikaribisha, akanipa chai na ndizi, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Nilimweleza kila kitu polepole. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Sista, kidonda kimefungwa. Sasa uchafu itapitia wapi?"

Hebu fikirini. Muda wote kidonda kilipokuwa wazi alimpa mtoto vijiko viwili vitatu tu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kilipofunga, ndipo hofu ilipomwingia. Kupona kwenyewe ndiko kulikomtisha. Nilieleza tena, nikachora hata picha ya seli kwenye vumbi kwa kijiti. Akaitikia, "Ndiyo, Sista. Ni kweli, Sista. Nimesikia." Nyinyi vijana, mtu wa huku akikuitikia mara nyingi hivyo, usifurahi. Anakusindikiza mpaka getini.

Waliniletea Nelima kwa pikipiki kiangazi kile, mchana wa jua kali, akiwa katikati ya dereva na mama yake. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa anashika mapaja na kupiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kulia hata nikikwangua kidonda. Nilimtafutia mshipa nikakosa, nikatafuta tena nikapata, nikamfungulia maji. Sikumuuliza mama kama amempa kitu. Niliuliza amempa kiasi gani.

"Chupa mzima," akasema. "Yeye alikataa, mimi nikambembeleza. Profesa alisema kidonda ikifunga, mtu anafagia mara moja na kumaliza."

Gari la wagonjwa lilifika, tukampeleka Bungoma. Njiani alinishika mkono akasema, "Sista Maji." Baada ya hapo hakusema kitu cha kueleweka. Alifariki kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Tulimzika na kidonda kimefunga vizuri kabisa, kazi safi, hata Bi Zuhura asingepata la kusema.

Mngetarajia ile sauti inyamaze. Soko lililofuata ilikuwa juu ya gari kama kawaida: mimi naitwa Nelima, nashona nguo hapa Naitiri. Nilimwendea Profesa.

"Huyo mtoto amekufa," nikamwambia. "Toa hiyo sauti."

Akavua kofia. Hilo lazima nilikubali, alivua kofia. "Pole sana, Sista. Hata mimi nilituma rambirambi. Lakini hakukufa na kidonda. Kidonda si ilipona? Mimi nilisema tu kidonda."

Ningempiga. Badala yake nilikwenda kwa afisa wa afya ya umma, kijana mwenye sheria mkononi na pikipiki isiyo na mafuta. Nilimnunulia mafuta. Masoko kadhaa baadaye tulifika pamoja, na pale kando ya gari, kwenye stuli ya Profesa mwenyewe, alikuwa amekaa Mama Nelima. Hakuwa anauza wala kununua. Alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye spika. Nikaambiwa huja kila siku ya soko, hukaa mpaka gari linapoondoka, na zamu ya Nelima ikifika, midomo yake husema naye neno kwa neno.

Alipoona afisa anapanda juu ya gari, aliruka akanishika eproni. Ilikuwa ile ya Nelima.

"Sista, wachana nayo! Mimi sina picha yake akiongea. Sina simu ya maana. Hiyo ndiyo sauti yake pekee iko duniani."

"Mama, sauti hiyo inaua watoto wa wengine."

"Basi ya wengine mtoe! Ya Nelima muache!"

Afisa akanitazama. Nikamwambia achukue spika yote. Nilifanya hivyo mbele ya soko zima na ningefanya tena leo, lakini msidhani nililala. Mama Nelima alikaa chini kwenye vumbi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Umemzika mara ya pili." Tangu siku hiyo tukikutana njiani anapita upande wa pili. Na Profesa? Hakumaliza mwezi. Alirudi na spika mpya na shuhuda za watu wengine, faini akiwa amelipa akicheka.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi nilimsumbua yule afisa mpaka akaitafuta flashi iliyokuwa kwenye spika tuliyokamata. Ilikuwa kwenye droo, chini ya vyeti vya wauza nyama. Nilimwomba anitolee sauti moja tu, anitilie kwenye flashi nyingine. Wiki ile mliponipa keki na blanketi, niliibeba mpaka kwa Mama Nelima, pamoja na redio ndogo ya kuichezea.

Alifungua mlango. Nikachomeka flashi na kubonyeza. Ile sauti ilipotoka alishika mlango kwa mikono miwili. Kisha akanisogezea kiti, mara ya kwanza tangu soko lile, akakaa na redio mapajani. Ilipoisha akairudisha. Ilipoisha tena akairudisha tena, na pale Nelima anapotaja miguu miwili, mama akaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Tulilia wote wawili, na safari hii sikujifanya natafuta mkasi.

Mlangoni akasimama jirani, mwanamke wa makamo, aliyekuja kuazima chekecheo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha leso. Alisikiliza ushuhuda mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Mama Nelima," akauliza, "hiyo dawa anauza siku gani?"

Mama Nelima aliinamia redio. Nikamwambia mimi: "Mama, huyo unayemsikia amekufa. Hii dawa ndiyo iliyomuua."

"Najua alikufa, Sista, si nilikuwa kwa matanga?" akasema, bila ubaya wowote. "Mimi nauliza ya kidonda. Kidonda si ilipona?"

Niliinuka, nikampisha akalie kiti changu. Nilipiga magoti nikaanza kufungua ile leso, na kabla haijaisha pua ikawa imeshaniambia.

"Umepaka nini?" nikamuuliza.

Nyuma yangu Mama Nelima akairudisha redio mwanzo.